Mstari wa Juu

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua itawakuta wazima, shemeji magoti yamempa nafuu, na yule mjukuu ameshaanza kukaa. Mimi mwili hauna neno. Kazi ni ileile ya mapokezi kwenye duka la dobi, kupokea nguo chafu na kutoa safi, na chumba ni kilekile cha ghorofani juu ya duka la rangi.

Naandika kwa sababu siku ile kituo cha mabasi ulisema hutaki kusikia sauti yangu tena, na kwa miaka sita nimeheshimu. Ndiyo maana hata habari ya msiba nilimpigia shemeji. Najua ameshakwambia, lakini acha niiseme kwa mkono wangu. Mdogo wetu Vifungo alifariki tarehe 3, saa nne asubuhi, wodi ya wanaume, kwa nimonia. Alilazwa siku tano tu. Nilikuwa nimemshika mkono.

Sasa kuna jambo. Mochwari hawataki kunipa mwili. Siku ya kumlaza nilijaza fomu, na pale palipoandikwa uhusiano na mgonjwa sikuandika dada. Niliandika mlezi wa kisheria. Usiniulize kwa nini. Karani wa mochwari, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, ananiambia ningeandika dada, basi kitambulisho na mashahidi wawili vingetosha. Lakini kwa kuwa nimeandika mlezi wa kisheria, nilete hati ya mahakama inayosema hivyo. Nilimwambia nimekosea, akasema fomu ikishagongwa muhuri haifutwi.

Hati unayo wewe, ile iliyotolewa baba alipofariki. Mwili ukikaa siku tisini bila mwenye hati, manispaa wanauzika wenyewe kwenye kaburi lenye namba bila jina. Siku ya tisini ni tarehe 1 Juni. Tafadhali mpe hati dereva wa lori aliyekuletea barua hii. Huwa anapita huko kila baada ya wiki mbili.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako magoti hayajambo, ila sasa ameanza bega, viungo vyake vinapokezana zamu. Mjukuu anakaa vizuri na anavuta uzi kwenye cherehani, kwa hiyo kazi haziishi. Paa la chumba cha kushonea bado linavuja pale pale pa siku zote, na ndoo iko pale pale.

Habari ya kifo ilinikuta natia uzi kwenye sindano. Nilimaliza kuutia, nikashona suruali nzima ya mteja, ndipo nikalia. Suruali yenyewe mguu mmoja ulitoka mrefu.

Sasa hilo la mlezi wa kisheria. Nilisoma mara mbili, kisha nikamwita shemeji yako anisomee kwa sauti, nikidhani miwani inanidanganya. Baba alipofariki, ni nani aliyekaa miaka kumi na minne akimwogesha yule mwanaume mwenye ndevu na akili ya mtoto wa miaka sita? Nani alimpa makopo ya vifungo ayapange chini ya meza ya kukatia ili asizurure, mpaka mtaa mzima ukamwita Vifungo? Mahakama ilinipa mimi. Wewe ulikuwa mjini ukituma kadi za sikukuu. Halafu siku moja unapewa fomu na kalamu, unajipandisha cheo.

Hati naitafuta. Tulipopaka rangi nyumba vitu vilihamahama. Na hata nikiipata, tuelewane kwanza. Nikikupa utamzika huko huko uliko, uwe unamtembelea kila Jumapili na maua mkononi, watu wakuone, na mimi nibaki na makopo. Azikwe hapa, kando ya baba na mama.

Swali moja, na unijibu vizuri. Siku anapelekwa hospitali, alikuwa amevaa lile koti la kijivu nililomshonea?

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nafurahi mjukuu anavuta uzi, damu ya fundi haifichiki. Pole kwa bega la shemeji. Huku baridi ya mvua imepungua kidogo, na watu wanaanza kuleta mablanketi kufuliwa, rafu zimejaa mpaka napita upande upande.

Nguo alizokuja nazo hospitali ziko kwenye mfuko, na mfuko uko mochwari pamoja naye. Hawatoi kimoja bila kingine.

Nilikwenda tena juzi. Unakaa kwenye benchi la chuma, unasubiri kuitwa kwenye dirisha lenye tundu la kupitishia mkono. Karani ana daftari kubwa, na Vifungo ameandikwa humo kwa namba. Karani alihesabu kwa kidole, akaniambia zimebaki siku hamsini na tano. Akaniuliza kwa nini huyo dada mwenye hati haji. Nikasema ana kazi nyingi. Sikutaka kukuaibisha kwa mtu tusiyemjua.

Kuhusu kujipandisha cheo, ni kweli kwamba ulimlea. Hakuna siku umeniacha nisahau. Lakini miaka sita hii ni nani aliyempeleka kliniki ya figo kila Jumanne? Nilimnunulia sweta la sufu, zito, la bluu, nikakaa nalo mapajani nikimbembeleza kama mtoto. Akalikunja vizuri, akanirudishia. Hilo hulijui wewe, kwa sababu hukuwahi kukataliwa naye.

Kama hati haionekani, nenda mahakamani ukaombe nakala. Au njoo mwenyewe na kitambulisho, tukawaombe pamoja. Mahali pa kuzika tutazungumza baadaye.

Mdogo wako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Yule jirani muuza mkaa amekuja kutupa pole, akakaa saa mbili akisimulia misiba yake mwenyewe, akaondoka amefarijika.

Mahakamani nimekwenda. Usidhani nimekaa tu. Masijala ya majalada ya zamani iliingia maji mwaka juzi, na karatasi wamezitia kwenye magunia. Kijana wa pale alinionyesha gunia moja akaniambia nikitaka nichambue. Nilichambua siku nzima. Nilipata talaka za watu na kesi ya ng'ombe, cha kwetu sikupata.

Kuja siwezi. Nina sare za shule nzima, shule inafunguliwa mwezi ujao, na vitambaa vya watu viko ndani.

Unasema sikuwahi kukataliwa naye. Umesahau kituo cha mabasi? Ulikuja likizo siku nne tu. Siku ya tano alikushika mkono, akapanda basi na wewe, akakaa dirishani. Nilisimama pale chini na kopo lake la vifungo, nikamwita, na hakugeuka. Kichwa chake hakikugeuka hata kidogo mpaka basi likakata kona. Watu walikuwa wananiangalia. Muuza karanga alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Wewe ulikataliwa sweta, mimi nilikataliwa mbele ya kituo kizima.

Nimekuuliza habari ya koti, ukanijibu habari ya mfuko. Koti limo ndani ya huo mfuko au halimo?

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Wasalimie wote.

Koti, koti, koti. Ndugu yetu yuko kwenye droo ya barafu na wewe unauliza koti. Haya, nikueleze koti lenyewe lilivyokuwa, maana naona unataka kusikia habari zake. Alilivaa asubuhi mpaka kulala. Alilivaa kwenye joto linalomtoa mtu jasho akiwa amekaa. Hakukubali hata nilifue, mimi ambaye kufua ndiyo kazi yangu. Na kila jioni alisimama dirishani amelivaa, amefunga vifungo vyote vitano, anaangalia kituo cha mabasi ng'ambo ya barabara. Kila jioni, Dada, miaka mitano na nusu. Nikimuuliza anamsubiri nani, anagusa kola. Unajua kuishi na mtu anayekuaga kila siku?

Koti lilipotea mwaka jana. Haya, umeshajua. Lilipotea.

Zimebaki siku ishirini na sita. Karani ameniambia majina ya mwezi huu yameshaanza kupelekwa manispaa. Ukiwa umeipata hati na umeikalia, basi jua unamkalia yeye.

Mdogo wako

13 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa kondakta wa basi, lori litachelewa. Salamu tuziache kwa leo.

Shemeji yako alinikuta nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kushonea na barua yako mapajani. Akauliza kuna nini. Nikamwambia koti limepotea. Akasema, koti si kitu, mama, utashona jingine. Ndipo nikamwambia yeye, na sasa nakwambia wewe.

Hati sikuwa naitafuta. Najua ilipo tangu mwanzo. Ulipokuja likizo ile, uliniomba hati uende nayo, ukasema hospitali za mjini zinapenda karatasi. Nikakuambia inabaki kwangu. Lakini jioni ile nilipoona anakukalia karibu, anakupangia vifungo kwenye kiganja chako, nikajua ataondoka. Nikaichukua hati, nikaifunga kwenye nailoni, nikaishona ndani ya bitana ya koti lake, upande wa kushoto chini ya kwapa. Nilitaka popote utakapompeleka awe ameivaa. Nilitaka ukimkumbatia, uwe unakumbatia karatasi yangu bila kujua.

Kwa hiyo nilikuuliza koti. Kama lingekuwa mochwari, ningekuambia fumua hapa, na mambo yangeisha. Lakini kila nilipotaka kuandika nilijiona nilivyokuwa siku ile na sindano mkononi, nikaona aibu, nikauliza tena koti.

Sasa umesema limepotea. Sijui nifanye nini. Na kuna jambo jingine ndani ya ile hati, lakini kama imepotea haina haja tena kulisema.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Koti halikupotea. Nilidanganya.

Mwezi wa Septemba, alipokuwa bafuni, nilichukua koti nikaenda nalo kazini. Nililibandika tiketi yenye jina la uongo, nikalitundika nyuma kabisa, kwenye rafu ya nguo zisizo na mwenyewe. Nilimwambia limepotea. Alilitafuta siku tatu, mpaka ndani ya sufuria. Halafu akaacha kusimama dirishani, nikafurahi. Nimekwambia ukweli, nilifurahi. Sweta hakulivaa hata hivyo. Baridi ya mvua ilipokuja alikuwa na shati tu na blanketi langu, na kifua kikambana mwishoni mwa Februari. Kila barua ulipouliza kama alivaa koti, nilidhani umeshajua na unanichoma makusudi.

Barua yako ilinifikia dukani. Niliiacha kaunta na wateja wamesimama, nikaenda rafu ya nyuma. Hapakuwa na koti. Nguo isiyodaiwa miezi sita bosi huigawa, na miezi sita ilikwisha Machi, wakati mimi nakaa kwenye benchi la chuma. Bosi akakuna kichwa, akasema koti la kijivu alimpa mlinzi wa ghala la jirani.

Mlinzi nilimkuta mlangoni amelivaa. Nikamwambia, "Hilo koti ni la marehemu ndugu yangu."

Akaniuliza, "Risiti yako iko wapi?"

Miaka kumi na mitano mimi ndiye ninayewauliza watu hivyo, na kuna waliolia mbele yangu nikawaambia utaratibu ni utaratibu. Sikuwa na risiti. Mlinzi alikuwa amekaa, ameegemeza mikono kifuani, vifungo havionekani. Nikamtajia kutoka juu: cheusi cha matundu manne, cha shaba, cha mbao, cheupe cha shati, na cha chini kabisa chekundu, cha gauni la mama. Ndugu yetu alivichagua mwenyewe kwenye makopo yake, wewe ukamshonea hivyo hivyo. Mlinzi aliondoa mikono, akavitazama kimoja kimoja. Kisha akavua koti akanipa, akabaki na fulana.

Nilifumua bitana kwa kiwembe juu ya kaunta. Hati imo, kavu, muhuri unasomeka. Na sasa nimejua lile jambo jingine lililokuwa ndani yake.

Imeandikwa kwamba kwa kufuata wosia wa baba, walezi wa kisheria ni wawili. Jina lako, na chini yake jina langu. Kisha imeandikwa kwa pamoja. Miaka ishirini, Dada. Uliniambia mahakama imekupa wewe. Mwaka ule baba alipofariki nilikuwa tayari kuacha kazi nirudi tumlee wote, ukanijibu kwa simu kwamba nisijisumbue, jaji amesema mtu mmoja anatosha. Nikabaki mjini nikajiona nimetupwa na baba yangu mwenyewe. Halafu umenicheka kwa kujipandisha cheo, nami nilikuwa nimeandika ukweli kwenye fomu bila kuujua.

Nilimpelekea karani. Aliisoma, akakohoa, akaisoma tena. Akasema, "Hapa sahihi moja haitoshi, mama. Mlete mwenzako."

Kwa hiyo njoo. Sare zishonwe na mwingine. Siku zimebaki kumi na mbili, na hii sikuombi.

Na kwa kuwa tumeanza kusema, chukua na hili. Siku ile kwenye basi, alitaka kugeuka. Nilikuwa nimemlaza kichwa begani kwangu na kukishika kwa mkono. Nilisikia unavyoita. Nilijua akikuona na lile kopo atashuka. Nilikishika mpaka tulipokata kona.

Mdogo wako

26 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma. Ile sehemu ya basi nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya hati. Nilitaka kukuchukia, nikashindwa pa kuanzia, kwa sababu kila nikishika lako nakuta na langu limeshikana nalo.

Ni kweli nilificha jina lako. Baba alipoandika wosia ule nilikuwa nimeketi pale kitandani kwake, mimi niliyembadilishia shuka usiku na mchana, na bado akataka na wewe uandikwe. Nikaona hata akifa lazima nigawane nawe. Nikasema hapana, huyu mmoja atakuwa wangu peke yangu. Sina maneno mengine ya kulipamba.

Nami nikupe chako. Ulipoondoka nyumbani mara ya kwanza, una miaka ishirini na mitatu, uliacha kiatu kimoja cha raba chini ya kitanda. Vifungo alikiokota, akakaa nacho mlangoni wiki nzima. Alikula nacho, alilala nacho, alitia vifungo ndani yake, vile vizuri tu, vya shaba. Mama alitaka tukuandikie tukwambie. Nilimwambia nitaandika mimi. Sikuandika. Kiatu nilikitupa. Alipokushika mkono siku ile hakuwa ananiacha mimi kwa mgeni, alikuwa anamfuata mtu wake wa zamani. Nilijua, na ndiyo sababu niliumia vile.

Habari ya nimonia na koti, usinitazamie nikutolee hukumu. Ningelishona bila hati ndani, ningekupa hati siku ile uliponiomba, koti lisingekuwa mimi ndani ya chumba chako, na usingelichukia hivyo. Tutagawana na hilo.

Sare nimempa fundi wa mtaa wa pili, anashona vibaya, watoto watavaa hivyo hivyo. Napanda basi Jumamosi, nitafika tarehe 31 kabla ya saa sita. Nakuja na sindano na uzi wa kijivu, kwa sababu naona umefumua kwa kiwembe, na hawezi kuzikwa na koti lililochanwa kwapani. Utashika kitambaa, nitashona. Mahali pa kuzika tutagombana uso kwa uso, nimechoka kugombana kwa kalamu.

Ila nakuambia mapema. Najua fomu za serikali, huwa zina mstari wa juu na mstari wa chini. Mimi ndiye mkubwa, na nimelea miaka kumi na minne dhidi ya sita yako. Usije ukaniwahi.

Dada yako

31 Mei, asubuhi

Dada,

Nimekwenda kukupokea kituoni. Kama tumepishana, karani atakupa karatasi hii dirishani. Kaa kwenye benchi, upande wa kulia, wa kushoto unabana.

Koti liko kwenye mfuko wa karatasi chini ya benchi. Nimelifua kwa mikono, nikalianika kivulini, na vifungo nimevihesabu, viko vitano. Chai iko kwenye chupa. Hujala, nakujua.

Karani alitaka nikusubiri, nikamwambia basi likichelewa, kesho itakuwa tarehe 1. Kwa hiyo fomu nimeshasaini. Nimesaini chini. Wa juu nimekuachia.

Mdogo wako